Herufi Moja ya Ukoo wa Hradovsky

Siku Leokadia alipoanza kazi kwa wazee wawili wa ghorofa ya saba, pale Silver Spring, Marekani, ugomvi wa kwanza ulihusu jina lake yeye mwenyewe. Mzee Andrej alifurahi sana, akasema Leokadia ni jina la Kislovakia, hata shangazi yao aliitwa hivyo. Dada yake, Bi Dorothea, akaweka kikombe chini, akasema shangazi yule alikuwa Mhungaria mtupu. Leokadia, aliyebatizwa jina hilo na padri huko Karagwe, aliuliza tu dawa zinakaa wapi.

Miaka sita ilipita. Wazee hao walikuwa ndugu wa tumbo moja, wote wamevuka themanini. Walikimbia kwao mwaka 1968, vifaru vya Warusi vilipoingia Chekoslovakia, wakiwa na sanduku moja kwa wawili. Baba yao alizungumza Kihungaria, mama yao Kislovakia. Ukoo wao ulikuwa wa makabaila, enzi zile Slovakia yote ilipokuwa ndani ya ufalme wa Hungaria. Mashamba yalikwisha zamani, nyumba ikataifishwa. Lilibaki jina, na hilo nalo hawakukubaliana namna ya kuliandika. Mzee aliandika Hradovský, kwa Kislovakia. Bi Dorothea alitia z katikati, Hradovszky, kwa Kihungaria.

Leokadia aliwapikia, akawaogesha, akawapangia vidonge, huku majina ya wafalme yakimpita masikioni. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na magoti yake yalishaanza kumsumbua.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka kijijini kwa wazee hao, Slovakia. Babu wa babu yao ndiye aliyejenga shule pale, na sasa halmashauri ilitaka kuweka kibao cha jiwe ukutani. Waliomba familia iseme jina liandikweje, na iseme kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu.

Kuanzia siku hiyo wazee hawakusemeshana tena. Mzee alikaa sebuleni, Bi Dorothea jikoni, na Leokadia akawa njia yao.

"Mwambie dada yangu kwamba mtu yule alisali Kislovakia na wakulima wake."

Leokadia alikwenda jikoni, akasema.

"Mwambie kaka yangu kwamba aliapa bungeni kama mtukufu wa Hungaria."

Alirudi sebuleni, akasema. Hatua kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi, na supu ikipoa jikoni.

Kisha, kila mmoja kwa wakati wake, walimpa bahasha yenye jibu lake kwa halmashauri. "Uitume wewe, asijue." Leokadia alizitia zote mbili kwenye mkoba wake. Alipita sanduku la posta asubuhi, akalipita jioni, na mkono haukuinuka. Hata yeye hakujua kwa nini. Alichoka tu.

Jumapili alimweleza binti yake, Anitha, anayesoma chuo kikuu College Park. Anitha alimwuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, hao wote si wazungu tu?

"Na sisi je, si Waafrika tu?" Leokadia alisema. "Ungewaambia hivyo baba zangu wadogo."

Zilipobaki siku nne mwezi uishe, Mzee alimwita. "Mwulize dada yangu kama anajua kwamba barua yangu imeshafika."

Leokadia hakwenda jikoni. Alimwita Bi Dorothea sebuleni, akafungua mkoba, akaweka bahasha mbili mezani.

"Hakuna iliyofika," alisema. "Nilizikalia. Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni, lakini mnisikilize kwanza. Nimechoka."

Hawakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Bi Dorothea alikaa taratibu kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Babu yangu alikuwa mtu mkubwa kwa kiasi chake," Leokadia aliendelea. "Tulipomzika, baba zangu wadogo wawili waligombana. Mmoja alisema babu ni Mnyambo, mwingine akasema ni Mhaya. Babu mwenyewe yumo ndani ya jeneza, hakuna wa kumwuliza. Yule mdogo aliondoka kabla ya chakula. Walikaa miaka kumi na tisa bila salamu, na mmoja alikufa mwaka jana. Aliyebaki alinipigia simu akilia, nikiwa hapa hapa, nawafulia."

"Hukutuambia," alisema Mzee.

"Hamkuniuliza."

Hatimaye Bi Dorothea alimwambia kaka yake, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu barua ile ije: "Zitumwe zote mbili. Waamue wao." Mzee aliitikia kwa kichwa, ingawa uso haukukubali. Kwa kuwa zilibaki siku nne tu, Leokadia alizifungua, akazipiga picha kwa simu na kuzituma kwa barua pepe, zote kwa pamoja.

Jibu lilikuja kwenye simu ya Leokadia mwezi wa tano. Halmashauri ilieleza kwamba mtu yule alitia sahihi yake kwa Kilatini maisha yake yote, kama walivyofanya makabaila wengi wa zamani zile, bila kujali nyumbani walisema lugha gani. Basi walinakili sahihi yake ilivyo. Jiwe limeshawekwa, na picha ndiyo hii.

Mzee alivaa miwani. Bi Dorothea alimnyang'anya simu.

"Kilatini!" alisema. "Nani anaongea Kilatini?"

"Wametudharau," alisema Mzee. "Tuwaandikie, Dorothea. Leo hii hii."

Walisogeza viti, wakaanza kutunga malalamiko, mmoja akisema na mwingine akisahihisha. Leokadia aliwapa karatasi, akawaonyesha vidonge vya jioni viko wapi, akavaa koti. Hawakusikia alipoaga. Kwenye lifti aliegemea ukuta, akafumba macho mpaka mlango ulipofunguka chini.