Nilivyochimbua tao la banki ya zamani kutoka kwenye lava, mimi nisiyefika hata sokoni

Wakuu, salamu kutoka Goma. Kisa hiki ni changu na sijakitia chumvi. Aliye mjini hapa apite ajionee, mimi huwa siendi popote.

Mimi ni fundi radio na mtu wa nyumbani. Mke wangu, Mama Furaha, husema nikifika Ndosho, mtaa wa hapa hapa mjini, nahesabu nimesafiri.

Kazi naifanyia kwenye baraza ya jengo la zamani la banki. Banki yenyewe ilishaondoka, kisha lava ya volkano ikaingia. Hapa kwetu lava ikipita hatuiondoi, tunajenga juu yake, maisha yanaendelea. Kwa hiyo zile herufi za BANQUE juu ya matao, ambazo zamani zilitaka ngazi, leo nazifikia kwa mkono, naanikia kitambaa changu. Na mteja anaingia kwangu ameinama kama anaomba msamaha.

Siku moja mwenye jengo, Mama Solange, mwanamke mrefu kweli, akagonga paji la uso kwenye tao. Kama kawaida yake.

"Papa Furaha, nimechoka. Hii nyumba balijengea watu wafupi. Mvua ikikatika nabomoa, naweka étage, ghorofa ya vioo."

Nikamwambia haikuwa fupi. Nikiwa mtoto nilipita pale na mama yangu nikadhani ni kanisa, matao yalivyokuwa marefu. Ufupi ni wa lava.

"Basi nionyeshe," akasema akijisugua. "Ukishindwa, tafuta kwingine pa kukaa."

Hapo alinigusa, wakuu. Kukaa ndicho kipaji changu pekee.

Nikaazima nyundo nzito na patasi. Asubuhi radio, mchana napasua lava chini ya tao langu. Juu ilikuwa rahisi, ina matundu kama mkate. Chini ikawa chuma. Mikono ikavimba, kijiko nikakishika kama mtoto.

Majirani wakapata sinema. "Muzee, unatafuta coffre-fort ya pesa?" Mwingine: "Lava banajengea juu, Papa, habaiondoshe."

Mama Furaha naye: "Mutu hajue njia ya soko, leo anaenda katikati ya dunia." Lakini jioni alikuwa akinisaidia kutoa mawe. Hilo yeye halisemi, nalisema mimi.

Kuna wakati niliacha. Nikalala nyumbani nikijiambia banki si ya baba yangu. Mvua zilipoanza kupungua, nikarudi.

Halafu patasi ikalia tofauti. Nikapangusa vumbi: kigae chekundu, cha kijivu, chekundu tena. Sakafu ya banki.

Mama Solange akaja na fundi wake wa kubomoa. Akashuka ngazi nilizochonga, na kwa mazoea akainama chini ya tao, akatembea hivyo hivyo mpaka katikati.

"Mama, simama," Mama Furaha akamwambia.

Akanyooka polepole, kiganja juu ya kichwa, akingoja kugonga. Hakugonga. Akanyoosha mkono wote juu. Haukufika.

Kisha akamuuliza fundi wake, "Yale matao mengine, unaweza kuyachimbua?"

Fundi akanitazama mimi. Nikampa nyundo.

Nilichojifunza: tuliinama miaka mingi hadi tukailaumu nyumba.

Nanyi wakuu, kwenu kuna jengo gani mnalosema ni baya bila kuliona lote? Semeni hapo chini. Na mkipita Goma, karibuni kwangu. Mkiingia, msiiname.