Nililipasua Jiwe la Mama Kulwa

Nimekosa, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa dini huku Shinyanga, na kosa hili nimelibeba tangu miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nimechoka nalo!

Mama Kulwa, jirani yangu mjane, aliokota jiwe akipalilia pamba. Akaniletea nikiwa kwa mhunzi wa kijiji. "Mwalimu, kama ni almasi, nipate maksai wawili. Mgongo umekwisha kwa jembe la mkono."

Nililipulizia pumzi kama wafanyavyo wachimbaji. Ukungu ukatoweka papo hapo. Kwenye kioo ukungu hukaa. Almasi hupitisha joto upesi, kwa hiyo haukai. Nikaliinua juani. Likawaka, lakini ndani niliona mstari mwembamba kama unywele. Ufa.

Ningeishia hapo! Lakini tulikuwa kwa mhunzi, watu wamejaa, na Jumapili hiyo nilikuwa nimehubiri kwamba kitu cha kweli hakiogopi moto. Mhunzi akanichokoza: "Vipi Mwalimu, au moto wako ni wa mimbarini tu?"

Wakaangua kicheko. Nikalitia jiwe kwenye makaa. Lilipoiva, nikalitumbukiza kwenye maji. Pa! Vipande.

"Kumbe chupa!" mtu akasema.

Nami, ole wangu, nikamwambia mjane yule: "Ni jiwe tu, mayu, mama yangu. Mungu amekuepusha na aibu."

"Wabeja, Mwalimu," akanishukuru.

Jioni nilikipulizia kipande nilichokiokota. Ukungu ukatoweka. Ilikuwa almasi! Moto ulilipasua pale pale penye ufa, jua liliponionyesha. Hata kikombe chenye ufa hakitiwi chai ya moto. Nilijua hilo!

Nikanyamaza. Kila msimu wa mvua nilimwona ameinama shambani. Nikipita, hujinyoosha kwa shida ili anisalimie kwa heshima. Jamani, salamu zile!

Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kusema. Juzi nilimpelekea kile kipande, nikamweleza yote. Alikigeuza juani. Hakulia.

"Hao maksai wangekuwa wameshazeeka," akasema. Kisha: "Jembe la pili liko nyuma ya mlango, Mwalimu."

Wenzangu, usipojua, sema hujui. Ukishajua, usimsingizie Mungu ili kuficha aibu yako.

Naandika haya viganja vimejaa malengelenge. Kesho alfajiri ananingoja. Tumebakiza kulima upande wa mtoni.