Mkausha Unga na Tone la Maji Lililochelewa

Saa moja asubuhi, kabla wasomi hawajafika kuichafua, maabara ya kemia ni milki ya mtu mmoja. Amevaa koti jeupe, miwani ya kinga, barakoa na glavu mbili mbili, na anasuuza kichupa kimoja kwa heshima ambayo wafalme wengi hawajawahi kuipata.

"Wananiita Tanuri," anasema. "Jina sikulichagua mimi."

Ni mwaka wa kumi na tisa sasa akiwa mhudumu hapa: anaosha, anakausha, na kuwafukuza wanafunzi wanaoingia na mkate mfukoni. "Humu hakuna kula wala kunywa. Hata uwe na kiu ya jangwani, toka nje."

Sababu imo kabatini. Asidi za boroniki ni unga mweupe ambao mgeni angeutia kwenye chai bila wasiwasi. Ni asidi dhaifu, na watengeneza dawa wanazipenda kwa kuwa husaidia kuunganisha molekuli zisizotaka hata kusalimiana. Lakini vumbi lake huwasha macho na koo, baadhi zinashukiwa kuharibu vinasaba, na nyingi hazijapimwa bado.

"Kwa hiyo zote tunaziheshimu," anasema Tanuri, "kama mbwa wa jirani mgeni."

Jina lake lilitokana na kisa cha mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Sasa binti huyo ni mtafiti humu humu. Alihangaika miezi mitatu kutengeneza asidi yake, kisha akamkabidhi bakuli la kioo.

"Mjomba, nikaushie. Usibaki unyevu."

Mjomba ni mjomba. Badala ya kuuacha unga upigwe na upepo, aliutia kwenye tanuri la umeme, joto kali, mpaka kesho yake. Walipoupima, uzito ulikuwa umepungua, na unga haukuyeyuka kwenye joto lililotarajiwa.

"Mjomba, umenimaliza," binti akasema, akatoka kwenda kulia.

Tanuri hakungoja mtu. Kwa aibu, aliumwaga wote kwenye pipa la taka za sumu.

Msimamizi wa utafiti alipofika, alicheka. Asidi hiyo ikikaushwa mno, alieleza, molekuli tatu tatu hutema maji na kushikana mikono kuwa duara. Hazijaharibika. Zikipewa maji kidogo, huachiana.

"Haya, uko wapi huo unga tuulowanishe?"

Kicheko kiliishia pipani. Kilichochanganyika na sumu humo hakitoki ila kwenda kuteketezwa.

"Haraka haina baraka, nimewaimbia vijana miaka yote," anasema Tanuri, akikiinua kichupa kwenye mwanga ingawa kimeshatakata. "Ningengoja kidogo tu."

Mpwa wake ameanza upya. Kila Ijumaa huleta vyombo vichafu, lakini hamwiti tena mjomba.

"'Shikamoo, mzee.' Mzee! Mimi! Bora angenitukana."

Namuuliza mbona hamwombi radhi.

"Kila Ijumaa najiandaa. Akiingia, mdomo unakauka kuliko ule unga. Naishia kusema, 'Vyombo vyako vile pale.'"

Lakini ana mpango. Ijumaa hii hatamngojea ndani. Atavua glavu, atanawa, atasimama koridoni karibu na bomba la maji ya kunywa, mahali ambapo sheria zake mwenyewe zinamruhusu.

"Nitakunywa kwanza," anasema. "Ndipo niseme."