Chupa za Migomba

Mwanangu, zamani nilikuwa nawaambia batu kwamba hakuna kitu tena kinaweza kunishangaza. Nilibeba mizigo kwa mugongo toka Manguredjipa, leo nina depo mbili hapa Butembo, na shule niliishia mwaka wa tatu wa musingi. Basi nani angenifundisha migomba? Lakini nakumbuka musimu mumoja ulionifunga kinywa.

Ugonjwa wa kunyauka ulikuwa umemaliza mashamba yetu ya migomba. Nilijenga chumba cheupe nyuma ya depo, nikamwajiri Masika, agronome kijana aliyesomea kilimo, akate vichipukizi vizima vya migomba na kuvikuza ndani ya chupa mia nane. Nikamwambia yaya Katungu, mujane aliyenilea: ng'oa migomba yako yote, hata ile inayosimama bado, mvua ikianza nitakujazia shamba. Aling'oa. Hakuwa na chakula kingine.

Sasa mimi napenda sherehe. Nilitaka wakubwa waje kuona chupa zangu, na kwetu huwezi kuita batu bila kasikisi. Ndizi za pombe hiyo zinafunikwa majani, zinapitishiwa moshi mupaka ziive. Kwa kuogopa wezi, nikazifungia chumba kinachopakana na kile cha chupa.

Masika alinusa moshi, akanifuata depo.

"Papa, ndizi ikiiva inatoa hewa, haionekani. Na mu moshi iko. Chupa ziko na vifuniko, lakini zinapumua. Ile hewa ikiingia, batoto ba migomba batazeeka mbele ya kukomaa. Tutoe ndizi leo."

"Mama Masika, wewe uliona ndizi mu kitabu. Mimi zilinilisha. Tangu lini ndizi inaua mutoto yake?"

Wafanyakazi walicheka. Yeye hapana. Siku ya nne akaniletea chupa moja mukononi, majani yamekuwa ya njano. Nikamwambia ni dawa zake ndizo mbaya. Siku ya sherehe nilifungua mulango mbele ya wageni: majani yameanguka ndani ya chupa zote, mimea imedumaa, mingine imeoza. Watu walikunywa, wakaaga mapema.

Mvua ikaanza. Yaya alikuja na matope mupaka magotini.

"Kasereka, mashimo yangu ya kupandia yanajaa maji."

 Mbele ya musimu kuisha aliuza shamba, akashuka Beni. Anavuna kakao ya wenyewe, analala chumba cha kupanga.

Mwanangu, anayejua kazi akikuonya, umusikilize mara ya kwanza, hata kama wewe ndiwe unamulipa. Na usimwambie mutu ang'oe chakula chake kwa sababu ya ahadi ambayo ingali ndani ya chupa. Mungu akupe masikio mbele ya kukupa mali, na wale wanaokuamini wasilie kwa ajili yako.

Mwaka uliopita nilinunua shamba lile ili nimurudishie. Yaya amekataa kurudi, linaota nyasi tu. Lilinigharimu dola elfu mbili mia sita na arobaini.