Siku Niliyopelekwa Kuchagua Mashine ya Vumbi

Mwaka ule kijijini tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa usipa tangu masika mpaka mavuno, na maduka ya mjini Mbinga yalijaa vitu vya nje hadi mlangoni. Mume wangu alipokufa, mwanangu alinitoa kijijini Namswea akaniweka kwenye nyumba yake ya mjini, zulia kila chumba na geti la kufuli. Nilitoka asubuhi tu, kufagia mbele ya geti. Hapo wanawake waliokwenda sokoni walisimama, tukasalimiana Kimatengo, tukacheka.

Siku moja mwanangu akanipeleka dukani. Mwenye duka akatoa mashine mbili za kuvuta vumbi.

"Shikamoo, bibi. Kubwa hii, ndogo hii. Chagua, upumzike."

"Hutashika ufagio tena, mama," mwanangu akasema. "Nje atafagia mlinzi."

Nikaona hata ile asubuhi yangu inachukuliwa.

"Sichagui. Mimi bado nafagia."

Mwenye duka akacheka. "Bibi anaogopa mashine!"

"Nimechimba mashimo ya ngolo ya kulimia mlimani tangu usichana, nitaogopa ndoo yenye mpira?"

"Mama, watu wanatutazama," mwanangu akanong'ona. "Chagua moja twende nyumbani."

Nikamkazia macho.

"Sichagui. Mimi bado nafagia."