Matundu Yangu Manne

Bango la alumini lenye plastiki katikati huchanika ukilitoboa bila ubao chini yake. Mafundi wenzangu wa mabango hapa Bulyaga, wavivu wa kufikiri, wanayachana kila siku. Mimi, mtaalamu, nikachukua ubao laini ulioegemezwa ukutani kwa Ambokile, seremala jirani yangu, nikatoboa mpaka drili ikatokeza upande wa pili. Matundu manne, safi kama ya kiwandani! Nikawaita wale wababaishaji waje wajifunze.

Walikuwa bado wamenizunguka, wafiwa kutoka kijiji cha Masoko wakafika kwa Ambokile kuchukua jeneza. Ambokile akauokota ule ubao, akalifunika jeneza nao. Mama mmoja akapitisha kidole kwenye tundu, akanigeukia.

“Mwanangu, kwani baba yetu bado anapumua?”