Mlima wa Padri na Mikindu ya Miritini

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile baba yangu aliposimama katikati ya kiwanja changu cha Miritini, akashika jani la mkindu, akalipindapinda vidoleni. Nimechoka kuisimulia. Nikimsimulia mtu hutikisa kichwa, kisha huenda akajenga pale pale. Lakini umenionyesha picha ya kiwanja chako kwenye simu, nami nimeona kilichoota kule nyuma. Basi keti, niseme tena.

Nilisoma shule ya misheni huku Changamwe. Jiografia tulifundishwa na padri mzee kutoka Ayalandi. Tulimwita Padri Ukungu, kwa kuwa somo lake hata likianzia jangwani lilimalizikia kwenye ukungu wa mlima wa kwao. Haukuwa mlima wa kutisha. Mwenyewe alikiri kwamba anayeupanda baada ya chai ya asubuhi hurudi kwa chakula cha mchana. Lakini aliupenda, masikini, na ubaoni aliuchora kama mtu anayechora uso wa mamake. Kileleni rundo la mawe lililowekwa na watu wa kale. Chini yake udongo mweusi uliolowa, ambao wenyeji huukata vipande kama matofali, wakaukausha na kuukokea moto. Mashariki kijito kiendacho ziwani, magharibi kingine kiendacho baharini. Nyumba zote zilikaa juu ya miinuko, bondeni hapana hata moja. Bondeni, alisema, huota nyasi ndefu za majimaji, na zinapoota hizo maji yana haki yao, hata pakiwa pakavu leo.

Nikayaandika hayo kwenye mtihani neno kwa neno, nikawa wa kwanza. Hata sasa ukiniamsha usingizini nitakuchorea ule mlima.

Miaka ikapita, nikaolewa, mimi na mume wangu tukapata kiwanja Miritini, mwisho wa mteremko. Reli mpya ilikuwa bado. Ilikuwa kiangazi, pametulia, na mikindu kumi na kitu imejipanga safu. Nikaona raha: ukindu wa kusukia mikeka nitaukata mlangoni kwangu. Ukipenda, chongo huita kengeza. Nikamwita baba aje kutuombea baraka.

Baba alikuwa mkulima wa Rabai, kalamu haijui. Aliniita Mama, maana nimepewa jina la mamake.

"Mama," akasema mwishowe, "mikindu hii kaipanda nani?"

"Imeota yenyewe, baba."

"Mkindu hauoti pasipo maji. Mto wake uko wapi?"

"Hapana mto hapa. Tazama mchanga ulivyo mkavu."

"Upo, umelala tu. Jengeni kule juu, mama."

Nikacheka, mwanangu. Hapo ndipo ninapoona haya mpaka leo. Nikamwambia mimi nimesoma jiografia, najua maji yanavyoteremka. Nikamweleza mlima wa Padri wote, kijito cha mashariki na cha magharibi. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. Kisha akauliza, "Na hao watu wa huko, wao hujenga bondeni?"

Jibu nilikuwa nalo. Nililiandika mwenyewe nikapewa alama zote. Nikasema, "Huko ni Ulaya, baba."

Tukaikata mikindu, tukajenga. Masika mawili yakapita salama, nikawa namtania baba kwamba mto wake umepotea njia. Naye hucheka tu. Masika ya tatu ikanyesha siku tatu mfululizo, na asubuhi ya siku ya nne maji yakateremka, rangi ya chai ya maziwa, moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma. Nilikuwa peke yangu na mwanangu wa kwanza, anatambaa. Kumbe baba alikuwa ameona wingu lilivyokaa upande wetu, akaondoka Rabai alfajiri kwa miguu. Akaingia, akambeba mtoto, nami nikimfuata, akamweka kule juu, pale pale aliponiambia nijenge. Akarudi kwa ajili ya cherehani yangu. Nilimwita aiache. Ukuta wa nyuma ukamwangukia mguuni.

Mguu haukupona sawasawa. Alitembea na mkongojo hadi alipokufa, na shamba lake likaliwa na magugu. Hakuniambia hata mara moja, "Si nilikwambia?" Ningeshukuru angalau angesema. Wahenga walinena, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakunionya kwamba guu lenyewe huweza kuwa la huyo mkuu.

Basi shika hili, mwanangu. Elimu usiitupe. Padri alinifundisha kweli tupu, mimi ndiye niliyeiacha kweli hiyo huko Ayalandi kwenye ukungu wake. Ukisoma mlima wa mtu, rudi nao nyumbani uulize: kwetu bonde ni lipi, na nyasi za majimaji kwetu ni zipi? Zetu ni mikindu, ile uliyoipiga picha ukidhani ni pambo. Simu yako ina ramani, sikatai. Lakini kabla hujachimba msingi tafuta mzee aliyeona masika mengi mahali pale, utembee naye polepole. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akiuliza swali ambalo jibu lake unalo, mjibu kweli, hata likikubomolea nyumba ambayo bado hujaijenga.

Mungu akupe sikio kabla hajakupa ukuta. Akujengee pakavu, wewe na watoto wako. Na kesho asubuhi njoo unichukue, twende tukapaone pamoja kungali kiangazi, maana siku ya maji nitakuja hata usiponiita, na magoti yangu ndiyo haya.